Kompyuta Nazo Huhitaji Chanjo



Somo letu la leo ni juu ya wezi wa mtandao. Hawa ni wezi wasiovunja mlango wala kuruka ua. Huiba wakiwa mbali, pengine nchi nyingine kabisa, na mwenye mali huja kugundua baadaye kwamba hana kitu. Tutaeleza jinsi wanavyoingia. Tutatoa mifano miwili ya mambo makubwa yaliyotokea duniani. Kisha tutaona namna ya kujilinda sisi wenyewe hapa vijijini.

Someni somo hili pamoja katika kikundi chenu. Mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate. Mwishoni kuna maana za maneno na maswali ya kujadiliana.

KOMPYUTA IKO WAPI KIJIJINI?

Huenda mtu akauliza: "Kompyuta ni mambo ya mjini. Sisi yanatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu.

Kompyuta ni mashine inayopokea habari, inazitunza, inazifanyia hesabu, na kuzitoa tena zinapotakiwa. Simu ya mkononi nayo ni kompyuta ndogo. Hata ile tunayoiita kitochi ina kompyuta ndani yake. Unapotuma pesa kwa simu, kompyuta kubwa ya kampuni ndiyo inayoandika kwamba fulani katoa na fulani kapokea. Katika Kenya huduma ya M-Pesa ilianza mwaka 2007, na Tanzania ikaanza mwaka 2008. Tangu wakati huo akiba za wakulima wengi zimetoka chini ya godoro zikahamia ndani ya kompyuta.

Basi hesabu: pesa ya mauzo ya pamba au korosho, michango ya kikundi cha kuweka na kukopa, ada ya mtoto wa sekondari, hata kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali ya wilaya. Mengi ya hayo sasa yamo katika kompyuta. Kwa hiyo anayeiingilia kompyuta ameingia ghalani kwetu.

MTANDAO NI NINI?

Kompyuta moja ikikaa peke yake chumbani, mwizi hana budi aje pale ilipo. Lakini kompyuta nyingi siku hizi zimeunganishwa, nyingine kwa nyaya, nyingine kwa minara ya simu. Muungano huo ndio tunaouita mtandao. Mtandao mkubwa kuliko yote, unaozunguka dunia nzima, huitwa intaneti.

Faida zake ni nyingi. Mkulima anaweza kuuliza bei ya soko bila kupanda basi. Mama anaweza kupokea pesa kutoka kwa mwanawe aliye Dar es Salaam kwa muda mfupi tu. Lakini njia ile ile inayoleta pesa inaweza kumleta na mwizi. Ni kama barabara ya kijiji. Tuliilima ili lori la mazao lipite, na mwizi wa ng'ombe naye hupita hapo hapo.

Kuna jambo la pili. Kompyuta zikiunganishwa, ugonjwa wa moja huweza kuwa ugonjwa wa zote. Wafugaji wa kuku wanalijua hili. Kuku mmoja akinunuliwa mnadani akiwa na kideri, akaletwa nyumbani bila kutengwa, baada ya siku chache banda zima limelala. Halafu banda la jirani nalo hufuata. Jirani hakununua kuku mnadani, lakini kuku wake wanachanganyika na wako.

Tuanze na mfano unaoonyesha jambo hilo. Ni mfano wa hospitali, kwa kuwa kila mtu anajua hospitali ni kitu gani.

YALIYOTOKEA UINGEREZA MWAKA 2017

Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017, wafanyakazi wa hospitali nyingi za Uingereza waliona jambo la ajabu. Kompyuta zao hazikufungua tena kumbukumbu za wagonjwa. Badala yake kulitokea maandishi mekundu, na saa iliyokuwa ikihesabu muda kurudi nyuma. Maandishi yalisema hivi kwa ufupi: kumbukumbu zako tumezifunga, ukizitaka, lipa dola 300. Usipolipa baada ya siku tatu, bei itakuwa dola 600. Usipolipa baada ya siku saba, umezikosa.

Dola 300 wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi laki sita na nusu za Tanzania. Na hiyo ilikuwa kwa kompyuta moja tu.

Programu iliyofanya uovu huo iliitwa WannaCry. Programu ni maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Ziko programu njema, kama ile ya kuandika barua au ya kupiga hesabu. Ziko na programu mbaya, zilizotungwa kwa kusudi la kudhuru. Hii ya WannaCry ilizifungia kumbukumbu kwa maandishi ya siri yasiyosomeka. Ni sawa na mwizi anayeingia ghalani, haondoki na gunia hata moja, ila anatia kufuli lake mlangoni na kukuuzia ufunguo.

Madhara yalikuwa makubwa. Katika England peke yake, kati ya mashirika 236 yanayoendesha hospitali na huduma za afya za serikali, 80 au zaidi yaliathirika. Pamoja nayo, vituo 595 vya madaktari wa kawaida viliingiliwa. Wauguzi walirudia kalamu na karatasi. Baadhi ya mashine za kupimia wagonjwa zilisimama. Ilikadiriwa baadaye kwamba ahadi zaidi ya 19,000 za wagonjwa kuonana na madaktari zilivunjwa, zikiwemo siku za kufanyiwa upasuaji. Katika sehemu tano, wagonjwa wa dharura walilazimika kupelekwa hospitali za mbali zaidi.

Tena haikuwa Uingereza tu. Polisi wa nchi za Ulaya walisema kwamba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliingiliwa. Huko Ufaransa viwanda vya magari vya Renault vilisimamisha kazi. Huko Ujerumani mbao za kuonyesha saa za treni katika vituo zilitoa maandishi ya wezi. Yote hayo ndani ya siku chache.

Aliyeizuia isiendelee alikuwa kijana Mwingereza wa miaka 22, Marcus Hutchins. Alipoichunguza programu ile aliona kwamba kabla ya kufanya kazi yake, kwanza inaita anwani fulani katika intaneti. Anwani hiyo haikuwa na mwenyewe. Akaisajili kwa dola zisizofika 11. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa breki. Programu ilipoita ikaitikiwa, ikaacha kuenea. Lakini zilizokwisha fungwa zilibaki zimefungwa. Mwezi Desemba mwaka ule ule, serikali za Marekani na Uingereza zilitangaza kwamba waliofanya kitendo hicho walitoka Korea Kaskazini.

CHANJO ILIKUWAPO

Sasa, wanakikundi, sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye somo.

WannaCry ilipita katika tundu moja lililokuwa katika programu ya Windows, inayoendesha kompyuta nyingi duniani. Tundu maana yake ni kosa la watengenezaji, mahali ambapo mtu asiyeruhusiwa anaweza kupenya. Kampuni ya Microsoft, iliyotengeneza Windows, ililifahamu tundu hilo mapema. Tarehe 14 Machi 2017 ilitoa kiraka cha kuliziba. Kiraka kilitolewa bure kwa programu zake zilizokuwa bado zinahudumiwa. Ofisi ya kompyuta ya huduma za afya nayo iliandika onyo mwezi Machi, na tena mwezi Aprili: wekeni kiraka.

Kutoka tarehe 14 Machi hadi tarehe 12 Mei ni karibu miezi miwili. Wakaguzi walipochunguza walikuta kwamba mashirika yote yaliyoingiliwa yalikuwa na kompyuta zisizowekewa kiraka, au zenye programu za zamani mno ambazo kampuni ilikwisha acha kuzihudumia.

Hebu tulinganishe na kideri. Chanjo ya kuku ni tone moja tu la jicho, kila baada ya miezi mitatu. Bwana mifugo anatangaza siku. Mmoja anasema, "Kuku wangu wazima." Mwingine anasema, "Nitachanja mwezi ujao." Ugonjwa ukija haumwulizi mtu alikuwa na nia gani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hospitali zile zilikuwa na madaktari wazuri na majengo mazuri, lakini ufa haukuzibwa.

Kwa simu zetu ni vivyo hivyo. Simu za kisasa huleta ujumbe mara kwa mara, kwamba kuna toleo jipya la programu, je, tulipakue sasa au baadaye? Wengi hubonyeza "baadaye" kila siku, mwaka unakwisha. Ni kweli kazi hiyo hula bando. Lakini ndiyo chanjo yenyewe. Wanaotumia bando kidogo wanaweza kungoja wafike mahali penye intaneti ya bure wanapopafahamu, kama ofisini au shuleni, wakaifanya huko.

KOSA LA HERUFI LILILOOKOA MAMILIONI

Mfano wa pili ni wa benki. Tumeuchagua kwa sababu unaonyesha thamani ya kusoma.

Benki Kuu ya Bangladesh, nchi iliyoko Asia, ilikuwa imeweka fedha zake za kigeni katika benki moja ya serikali mjini New York, Marekani. Mwezi Februari 2016 wezi waliokwisha kuziingilia kompyuta za Benki Kuu hiyo walijaribu kuziiba. Waliingiaje? Wachunguzi wa Marekani walisema kwamba wafanyakazi walipelekewa barua za kompyuta zilizoonekana kama za mtu anayetafuta kazi. Ndani ya barua hizo kulikuwa na programu mbaya. Anayefungua amemfungulia mwizi.

Wezi walikaa ndani kimya muda mrefu wakijifunza kazi inavyokwenda. Kisha wakachagua siku. Walituma maagizo yao Alhamisi usiku. Huko Bangladesh Ijumaa ni siku ya mapumziko, ofisi zimefungwa. Watu wa Bangladesh waliporudi kazini, New York nako kulikuwa mwisho wa juma. Wezi waliagiza kwamba New York itoe jumla ya karibu dola milioni 951 na kuzigawa katika akaunti mbalimbali.

Maagizo yalikuwa 35. Matano yalipita. Dola milioni 81 zilikwenda Ufilipino, na nyingi ya hizo hazikuonekana tena. Dola milioni 20 zilikuwa njiani kwenda Sri Lanka kwa jina la shirika fulani. Lakini jina la shirika hilo liliandikwa vibaya. Katika neno moja la Kiingereza, herufi zilikosewa. Mfanyakazi wa benki nyingine iliyokuwa njiani akaliona kosa lile, akasimamisha pesa na kuuliza: je, hii ni kweli? Ndipo ikajulikana kwamba si kweli. Zile dola milioni 20 zikarudi.

Ndugu zetu, huyo mtu hakuwa na bunduki wala mbwa. Alisoma neno, akaona lina kasoro, akauliza kabla ya kuruhusu. Jambo hilo hata sisi tuliohitimu kisomo tunaliweza.

HATARI TUNAZOKUTANA NAZO SISI

Sasa turudi nyumbani. Wezi wakubwa hutumia programu. Wezi wengi wanaotusumbua sisi hutumia maneno tu. Hawavunji kufuli, wanamwomba mwenye nyumba ufunguo, naye anawapa. Hizi ni baadhi ya njia zao.

1. Ujumbe wa chambo. Mvuvi huficha ndoana ndani ya kitu kitamu. Ujumbe wa chambo nao huja na jambo la kukuvutia au la kukutisha. "Ile pesa tuma kwenye namba hii." "Umeshinda zawadi, tuma ada ya kuichukua." "Mwanao kaanguka shuleni, tuma haraka pesa ya matibabu." "Jiunge nasi upate utajiri." Mwizi hakujui. Ametuma ujumbe ule ule kwa watu wengi. Miongoni mwao hakosi mmoja ambaye kweli anadaiwa pesa, au ambaye kweli ana mtoto shule ya bweni. Huyo ndiye anayenasa.

2. Ujumbe wa uongo wa kupokea pesa. Unaletewa maandishi kwamba umepokea shilingi 80,000. Mara simu inalia: "Samahani mama, nimekosea namba, naomba unirudishie." Ukituma, umetuma pesa yako mwenyewe, maana hakuna kilichoingia. Usiamini maandishi hayo peke yake. Tazama salio lako kwanza.

3. Anayejifanya mfanyakazi wa kampuni. Anapiga simu kwa sauti ya adabu. Anasema laini yako itafungwa leo, naye anataka kukusaidia. Anakuomba namba ya siri, au namba iliyoingia sasa hivi kwa ujumbe. Shikeni neno hili: hakuna mfanyakazi wa kweli anayehitaji namba yako ya siri. Kompyuta ya kampuni inaitambua yenyewe unapoibonyeza.

4. Kubadilishiwa laini. Mwizi akiwa na jina lako na namba ya kitambulisho chako, huweza kudanganya kwamba yeye ndiye wewe na kwamba amepoteza simu. Akipewa laini mpya yenye namba yako, laini iliyo mkononi mwako inakufa. Kuanzia hapo ujumbe wako anaupokea yeye. Dalili yake ni hii: simu yako haina mtandao kabisa, na jirani mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo anao. Usilale. Nenda kwa huduma ya kampuni siku ile ile.

5. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Tanzania laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole. Msajili asiye mwaminifu huweza kukuambia, "Weka kidole tena, haijasoma," kumbe anasajili laini ya pili kwa jina lako. Laini hiyo ikitumika kuibia watu, jina linaloonekana ni lako. Piga *106# ili uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni husika waifute.

6. Programu za kupewa mkononi. Vijana wetu hupeana programu za michezo na za muziki kutoka simu hadi simu, au kwa kifaa kidogo cha kubebea kumbukumbu kinachoitwa flashi. Nyingine zina virusi. Virusi vya kompyuta si wadudu. Ni programu mbaya inayojinakili yenyewe na kuhama na kitu kinachoibeba. Flashi inayochomekwa kila kompyuta ya mjini ni kama sindano moja kuchoma wagonjwa wote.

"MIMI MASKINI, NANI ATANIIBIA?"

Neno hili tunalisikia sana. Lakini ile programu ya mwaka 2017 haikuuliza nani tajiri. Iliingia kila mahali palipokuwa na tundu. Na mwizi wa ujumbe wa chambo hatafuti samaki mkubwa mmoja. Anatupa wavu, anakusanya dagaa.

Tena simu ya mtu mmoja huweza kuwa mlango wa wengi. Tuseme mweka hazina wa kikundi cha akina mama thelathini anatunza pesa ya kikundi katika laini yake. Akiitaja namba ya siri kwa mtu wa simu, zinazokwenda si pesa zake peke yake. Ni mbolea ya mmoja, ada ya mwingine, dawa ya mgonjwa wa tatu. Halafu kuna hasara kubwa zaidi: wanachama huanza kutazamana vibaya, na kikundi kinavunjika. Imani ikitoka hairudi upesi kama pesa.

KAZI YA KISOMO

Kuna wazee wetu ambao kwa miaka mingi walimpa wakala simu na kumtajia namba ya siri ili awabonyezee. Wengine walimwachia mjukuu. Hawakuwa na njia, kwa sababu hawakujua tarakimu. Wakala wengi ni waaminifu na wajukuu wengi ni wema. Lakini siri ya watu wawili si siri tena, na wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Wewe uliyehitimu kisomo unazijua tarakimu, 0 hadi 9. Unaweza kusoma jina la mpokeaji kabla ya kukubali. Unaweza kutofautisha shilingi 5,000 na shilingi 50,000. Basi usiuachie mkono mwingine kazi unayoiweza. Kama macho yamechoka, tafuta miwani, au mwombe mtoto akuongezee ukubwa wa herufi katika simu, kisha namba ya siri ubonyeze mwenyewe. Na jirani ambaye bado hajajua kusoma, mlete darasani. Mwambie kwamba kusoma ni kufuli la pesa yake.

MAMBO YA KUFANYA

1. Soma ujumbe wote, mara mbili, kabla ya kubonyeza chochote. Angalia umetoka wapi, na kama maneno yana kasoro.

2. Anayekuharakisha mtilie shaka. Mambo ya kweli hungoja mtu aulize. Ukiambiwa mtoto anaumwa, piga simu kwa mwalimu kwa namba uliyo nayo wewe, si kwa ile uliyopewa katika ujumbe.

3. Namba ya siri isiwe 1234, wala 0000, wala mwaka wako wa kuzaliwa. Usiiandike nyuma ya simu. Usimwambie mtu.

4. Bonyeza namba ya siri mwenyewe, umeukinga mkono, hata mbele ya mtu unayempenda.

5. Wenye simu za kisasa, pakueni matoleo mapya ya programu. Programu mpya zichukueni katika duka rasmi la programu lililomo ndani ya simu. Msipokee za kupeana.

6. Pesa ya kikundi ikikaa katika laini au akaunti, pawe na watu zaidi ya mmoja wanaohusika kuitoa, kama huduma inaruhusu. Salio lisomwe mbele ya wanachama kila mnapokutana.

7. Tunzeni nakala ya pili ya kumbukumbu. Ofisi yenye kompyuta ihifadhi nakala katika flashi isiyochomekwa muda wote, ifungiwe kabatini. Na kikundi kisitupe daftari. Kompyuta ikifungwa na wezi, daftari ndilo litakalosema nani alilipa na nani bado.

UKIISHA IBIWA

Kwanza, usione haya. Benki Kuu ya nchi nzima iliibiwa, sembuse mtu mmoja? Wanaoficha kwa aibu humsaidia mwizi, kwa kuwa kesho atamnasa jirani kwa maneno yale yale.

Pili, piga simu mara moja kwa huduma ya kampuni yako, uombe pesa izuiwe. Dakika za mwanzo zina thamani kubwa. Mwizi hutoa pesa upesi.

Tatu, usiufute ujumbe wa mwizi. Huo ni ushahidi. Andika katika daftari namba yake, tarehe, saa na kiasi. Katika Tanzania, ujumbe na namba za matapeli hutumwa kwa namba 15040. Kisha nenda polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018. Kwa hiyo wizi huu ni kosa kama wizi wa ng'ombe.

Nne, waambie wenzako kikundini. Msomeeni kila mtu ule ujumbe, ili ukimfikia autambue.

Wanakikundi, bwana mifugo akichanja nusu ya kuku wa kijiji, kideri hakijatoka. Na sisi tukijilinda nusu, wezi watapita kwa nusu iliyobaki. Basi kila aliyesoma somo hili amfundishe mmoja ambaye hakulisoma.

MAANA YA MANENO

Mtandao: muungano wa kompyuta au simu nyingi zinazopelekeana habari.

Programu: maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye kazi gani.

Virusi vya kompyuta: programu mbaya inayojinakili na kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Tundu: kosa katika programu ambamo mwizi anaweza kupenya.

Kiraka: marekebisho yanayotolewa na mtengenezaji ili kuziba tundu.

Chambo: ujumbe wa hila wa kumvuta mtu atoe siri au pesa.

Nakala: kumbukumbu ya pili inayofanana na ile ya kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Hospitali za Uingereza zilipewa onyo mwezi gani? Kwa nini onyo halikutosha?

2. Ni nini kilichoziokoa dola milioni 20 za Bangladesh? Sisi tunajifunza nini hapo?

3. Nani katika kikundi chenu amewahi kupata ujumbe wa chambo? Usomeni pamoja, mtaje dalili za uongo.

4. Pesa ya kikundi chenu inatunzwa wapi, na ni watu wangapi wanaoweza kuitoa? Je, utaratibu huo unatosha?

5. Mzee asiyejua tarakimu anataka kutoa pesa kwa wakala. Mtamsaidiaje bila ninyi kuijua namba yake ya siri?